Rivyu: Huduma ya PUC Texas (tume ya jimbo ya huduma za umma) ya kuitoa ardhi yako kwenye eneo la mamlaka ya maji isiyokuletea maji

Nyota nne kati ya tano, na ile moja iliyokosekana nitasema imeenda wapi. Naandika kwa ajili ya Waswahili wenzangu mlioko Texas, hasa nyie mnaochanga kama kikundi mnanunua shamba kubwa nje ya Houston, Dallas, Austin au San Antonio kwa mpango wa kukata viwanja mjenge, maana naona watu wanauliza bei ya ekari, wanauliza barabara, wanauliza shule, afu maji wanayaacha mpaka siku fundi anauliza bomba linaingilia upande gani. Na hapa Texas kabla hujauliza maji yako wapi inabidi ujue kwanza nani ana haki ya kukuuzia.

Sistimu yenyewe iko hivi. Maeneo mengi sana ya vijijini na pembezoni mwa miji yameshagawiwa kwenye ramani, kila eneo lina mwenye cheti kinachoitwa CCN, na mwenye cheti anaweza kuwa mamlaka ya maji ya eneo, au ushirika usio wa faida ambao wateja ndo wanachama wake, au kampuni binafsi, au mji. Akishakuwa na cheti eneo lile ni lake, mwingine haruhusiwi kuja kuuza maji humo, na yeye kwa upande wake sheria inamdai atoe huduma endelevu na ya kutosha. Sasa nyingi ya hizo ramani zilichorwa zamani, sehemu ikiwa malisho ya ng'ombe na nyumba moja moja, na mabomba yaliyolazwa yalikuwa membamba ya kuwatosha hao hao. Leo mji umesogea. Unakuta shamba lako linapakana na mji wenye bomba kubwa kabisa, unaliona pale ng'ambo ya barabara, na mji uko tayari kukuuzia, ila hauruhusiwi kwa sababu ramani inasema wewe ni wa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine hajawahi kukuletea hata tone.

Sisi ndo yalitukuta. Kikundi chetu kina shamba lenye ukubwa unaovuka ekari 25, kaunti inayopakana na mojawapo ya zile kubwa, halina mita, halina koneksheni, halina kitu, lina nyasi na miti ya meskiti. Tukaiandikia mamlaka yenye cheti (jina naliacha) tukaomba huduma. Jibu likaja kwamba tulipie kwanza uchambuzi wa kiinjinia, afu tugharamie kupanua laini kutoka mbali huko, afu tuchangie tanki, na hata tukilipa vyote hivyo hawawezi kutuahidi ni lini. Mi siwasemi vibaya. Ni mamlaka ndogo, wateja wachache, wana madeni, na kwa kweli ukiangalia kwa jicho lao kuwabebesha wateja wa zamani gharama ya kundi la watu wanaotaka kujenga leo sio haki pia. Lakini na sisi tunalipa kodi ya ardhi na mkopo kila mwaka kwenye shamba ambalo haliwezi kujengwa, na mtu mwenye uwezo wa kutupa maji amekaa hapo pembeni amefungwa mikono. Hapo ndo tukaingia kwenye hii huduma.

Jina lake rasmi ni refu ila watu wa fani wanaiita tu kutolewa haraka. Iko kwenye Sheria ya Maji ya Texas sura ya 13, kifungu cha 13.2541. Bunge la jimbo lilifungua mlango kidogo mwaka 2005 kwa wenye ekari 50 na kuendelea, ila njia ile ina masharti mengi, afu mwaka 2011 wakaweka njia nyepesi zaidi ya ekari 25, na mwaka 2019 wakaipanga upya kwenye kifungu chake chenyewe. Zamani mambo haya yalikuwa kwa TCEQ, wale wa mazingira, ila tangu tarehe 1 Septemba 2014 vyeti vya maji na majitaka viko chini ya PUC, ile tume inayosimamia umeme na simu. Kwahiyo ukikuta mtu anakupa maelekezo ya kupeleka ombi TCEQ ujue ana taarifa za zamani sana, TCEQ wamebaki na ubora wa maji na uwezo wa mitambo.

Masharti ya hii njia nyepesi ni matatu tu na ndo maana naipenda. Kipande kiwe na ekari 25 au zaidi. Kiwe hakipati huduma ya maji, au ya majitaka kama unachotaka kutoka ni kwenye cheti cha majitaka. Na kiwe kwenye kaunti inayostahili, yani kaunti yenye watu wengi sana, zaidi ya milioni, kama Harris, Dallas, Tarrant, Bexar na Travis, au kaunti inayopakana na hizo, na kuna kaunti chache za ukubwa wa kati ambazo nazo zimeingizwa. Bunge linarekebisha hivyo viwango vya idadi ya watu mara kwa mara kwahiyo soma kifungu kilivyo siku unayopeleka, usitegemee nakala aliyokutumia rafiki. Ukitimiza hayo matatu, sheria inasema una haki ya kutolewa. Haisemi tume inaweza kufikiria, inasema una haki, na tume inatakiwa iamue ndani ya siku 60.

Hizo siku 60 lazima niziseme vizuri kwa sababu watu wanazielewa vibaya wanaanza kugombana na mawakili wao. Kwa utaratibu wa tume saa inaanza kuhesabu ombi lako likishakubaliwa kwamba limekamilika, sio siku umelituma. Na kukamilika kwenyewe kunategemea ramani kuliko kitu kingine chochote. Unatakiwa upeleke kiapo kilichogongwa muhuri na notari kinachosema ardhi ni yako, ina ekari ngapi, haipati huduma, iko kaunti gani. Hati ya umiliki. Uthibitisho kwamba siku ile ile umepeleka nakala kwa mwenye cheti kwa posta ya kusajiliwa. Afu ramani mbili, moja ya mbali inayoonyesha shamba liko wapi, moja ya karibu inayoonyesha mipaka, pamoja na vipimo vya mpima au data za ramani za kidijitali. Watu wa tume wanachukua ramani yako wanailinganisha na hati yako na ramani yao ya vyeti, na kama mstari mmoja haukutani na mwingine wanakuambia haijakamilika, rekebisha. Kwahiyo hela yako ya kwanza mpe mpima ardhi mzuri kabla hujampa mwingine yeyote. Nimeyapitia majalada mengi pale kwenye mtandao wa tume na kinachochelewesha maombi mara nyingi ni ramani, sio sheria.

Na hapo hapo nisifie hicho kitu, kwamba kila ombi linapewa namba na kila karatasi inayoingia inawekwa wazi mtandaoni, ya kwako, ya mamlaka ya maji, ya wafanyakazi wa tume, ya jaji, zote. Hujui kuandika ombi? Fungua la mwenzio lililokubaliwa kwenye kaunti yako usome mwanzo mwisho. Kwa mtu aliyezoea ofisi ambazo ukiuliza jalada lako unaambiwa njoo kesho, kile kitu kina thamani kubwa sana. Pia kuna ramani ya vyeti ya tume ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua akaweka sehemu anayotaka kununua akaona iko chini ya nani kwa maji na iko chini ya nani kwa majitaka. Vinaweza kuwa vyeti viwili vya watu wawili tofauti, na kila kimoja kinaombewa kivyake. Fanyeni hivyo kabla ya kulipa advansi ya shamba, tafadhalini.

Kuhusu ekari 25 kuna kitu kidogo ambacho kinawakamata watu. Kipande kinahesabiwa kama eneo moja lenye umiliki mmoja ambalo halijakatwa na ardhi ya mtu mwingine, na barabara ya serikali inayopita katikati ni ardhi ya mtu mwingine, reli pia. Kwahiyo shamba la ekari 40 lililopasuliwa na barabara ya kaunti likawa 20 huku na 20 kule, kwa hii njia una vipande viwili visivyofika. Ila hati zaidi ya moja sio tatizo, mkinunua vipande vitatu vilivyogusana kwa nyakati tofauti na vyote viko kwenye jina lile lile vinahesabika kama kimoja. Ndo maana nasema kikundi kinunue kwa jina moja la kampuni au la ubia na mbaki hivyo mpaka mtoke. Mkishagawana hati kila mtu na ekari zake mbili mmeshaiua hii njia kwa mikono yenu.

Sasa tuje kwenye hilo la kutopata huduma, ndo penye vita yenyewe. Mwenye cheti hataki kukuacha uende, maana wewe ni mapato yake ya kesho, na kwa kuwa ekari na kaunti hazina ubishi anachobaki nacho ni kusema wewe unapata huduma. Atasema nina bomba linapita mbele ya uzio wako. Atasema nina bomba linapita ndani kabisa ya shamba lako. Atasema nimepanga, nimesanifu, nimejenga tanki nikikuhesabu wewe. Kuna kesi moja ya mahakama ya rufaa ya Austin ya mwaka 2014, ofisi ya ardhi ya jimbo ilikuwa inabishana na ushirika wa maji wa Crystal Clear, na mahakama ikasema kuwa bomba kuwepo karibu au hata kupita ndani hakukufanyi moja kwa moja uwe unapata maji, inabidi kuangalia kama hiyo miundombinu kweli imetengwa au inatumika kuhudumia kipande kile. Kwa mwenye shamba hiyo kesi ni nguzo. Lakini isikufanye ulale, maana inaangaliwa kesi kwa kesi, na kama kuna makubaliano ya zamani ambapo mwenye shamba aliyepita alilipia nafasi ya huduma na mamlaka ikajenga kitu kwa ajili yake, hapo una shida. Muulize aliyekuuzia kwa maandishi: umewahi kuomba maji hapa, umewahi kulipa chochote, umewahi kusaini chochote.

Na mita ya ng'ombe. Mashamba mengi ya huku yana mita moja ya zamani kule kona inayojaza hodhi la mifugo, mtu ameisahau kabisa, bili ni ya dola chache, na ile mita inatosha kabisa mamlaka kusema kipande hiki kinapata huduma. Wanachofanya wengi ni kukata kasehemu kadogo kenye mita wakakaacha nje ya ombi, wanaomba kutolewa kwa iliyobaki, ilimradi iliyobaki bado inafika ekari 25. Ni halali na utaikuta kwenye majalada mengi. Ila ukiificha hiyo mita kwenye kiapo umeapa uongo, na mamlaka ina rekodi za bili, itaiweka mezani siku ya pili.

Kuna upande wa serikali kuu pia na hapa nitakaa kidogo kwa sababu mawakili huwa wanauruka. Mamlaka nyingi ndogo za vijijini zimejengwa kwa mikopo ya wizara ya kilimo ya Marekani, na tangu mwaka 1961 kuna sheria ya serikali kuu, kifungu cha 1926(b), inayosema mamlaka yenye huo mkopo eneo lake la huduma lisimegwe wakati deni bado halijaisha. Mantiki yake ni nzuri tu, aliyekopesha anataka wateja wabaki ili deni lilipwe. Sheria ya Texas ikaja ikasema tume isikatae ombi lako eti kwa sababu mwenye cheti ana mkopo wa serikali kuu. Unaona zinavyogongana. Kwahiyo mwenye shamba anashinda kwenye tume afu mamlaka inakwenda mahakama ya serikali kuu. Kwa miaka mingi mahakama ya rufaa ya huku, ile ya mzunguko wa tano, ilikuwa upande wa mamlaka karibu moja kwa moja, kesi ya North Alamo ya mwaka 1996, ukiwa na cheti chenye wajibu wa kuhudumia basi ilichukuliwa kwamba umeshatoa huduma. Agosti 2020 majaji wote wa mahakama hiyo wakakaa kwenye kesi ya Green Valley na mji wa Schertz, karibu na San Antonio, wakaibadilisha. Sasa mamlaka inayodai ulinzi lazima ionyeshe ina vifaa vya kutosha kukuletea huduma ndani ya muda unaoeleweka baada ya wewe kuomba, na ina haki kisheria ya kufanya hivyo, na kama haina miundombinu yoyote ya karibu haiwezi kushinda. Kwahiyo barua yako ya kuomba huduma na jibu lao la kwamba hawana uwezo ni karatasi za dhahabu, zitunze. Na kabla ya yote uliza kama mamlaka ina huo mkopo, kwa sababu mamlaka yenye mkopo na bomba nene jirani yako ni kesi tofauti kabisa na mamlaka yenye mkopo na bomba jembamba maili kadhaa huko.

Fidia. Watu wakisikia haki ya kutolewa wanadhani ni bure. Mamlaka inaweza kudai fidia kwako, na yeyote atakayekuja kukuhudumia haruhusiwi kuanza kutoa maji mpaka hilo la fidia liishe. Mkikubaliana mthamini mmoja wa kujitegemea, vizuri, msipokubaliana kila mtu analeta wake na tume inateua wa tatu, na wa tatu mnamlipa nusu kwa nusu. Wanaangalia sehemu ya deni la mamlaka inayoangukia kwenye ardhi yako, thamani ya miundombinu iliyopo kwa ajili yako, hela walizotumia kupanga na kusanifu kwa ajili ya eneo lile, gharama inayowaongezekea wateja wanaobaki, gharama zao za kisheria zilizo za lazima. Sasa kama kweli hawajawahi kufanya chochote kwenye eneo lako hesabu huwa ndogo, hicho ndo kipimo cha ukweli. Kwetu mamlaka ilianza na namba kubwa, ikaulizwa ni bomba lipi na mchoro upi, na mazungumzo yakawa ya kawaida baada ya hapo. Mi binafsi naona fidia ni haki. Wale wateja wa kule ndani ni wazee wenye nyumba za miaka mingi na wafugaji, wanalipa bili ya maji ghali kuliko ya mjini kwa sababu wako wachache kwenye bomba refu, na kila ekari inayotoka ni mteja wa kesho asiyekuja kubeba lile deni pamoja nao. Kama mamlaka iliingia gharama kweli kwa ajili yako, lipa bila kinyongo. Nimesikia wenzetu wanaongelea hii njia kama ushindi dhidi ya watu wabaya na sipendi, hao ni majirani zako.

Sasa ile nyota moja. Siku ya kikao cha kikundi wakili akatueleza yote haya, watu wamefurahi, mzee wetu wa kikundi ambaye muda wote alikuwa kimya akauliza, "Sawa mwanangu, nimekuelewa. Wakishatutoa, maji tunapewa na nani?" Na chumba kikatulia, kwa sababu hii huduma haina jibu la hilo. Njia ya ekari 25 haikutaki hata uonyeshe mtoa huduma mwingine. Unatolewa, unabaki eneo ambalo sio la mtu, na hapo hakuna anayewajibika kisheria kukuletea maji. Mwanzo ulikuwa na mtu mwenye wajibu asiyeweza, sasa huna hata wa kumdai. Naona hapo sheria imewaangusha wananchi wa kawaida. Developa mkubwa ana mainjinia na barua ya mji mkononi, yeye hajali. Familia tano zilizochanga hela za pensheni zao zinaweza kufurahia barua ya kutolewa afu zikakaa nayo miaka.

Kwahiyo fanyeni kinyumenyume. Anzeni na mji au mamlaka ya jirani mnayoitaka, pateni kwa maandishi kwamba wana maji ya kutosha, kwamba wako tayari, kwa masharti gani, mjiunge na mji kwanza au la, nani analipia bomba. Ulizeni uwezo kwa namba. TCEQ wanataka mfumo wa umma uwe na uzalishaji wa angalau galoni 0.6 kwa dakika kwa kila koneksheni, na presha ya psi 35 kwa matumizi ya kawaida, kwahiyo nyumba 60 ni galoni 36 kwa dakika kabla hujaongelea zimamoto. Na zimamoto ndo inayoua mipango mingi, maana haidranti inataka mamia ya galoni kwa dakika mpaka elfu, na bomba la vijijini la inchi mbili au nne haliwezi hata kidogo. Mkishapata jibu la mji ndo mpeleke ombi la kutoka. Kama hakuna mji wala jirani wa kuwapokea basi mnabaki na visima na septiki, na kwa kanuni za jimbo kiwanja chenye kisima chake na septiki yake kinatakiwa kiwe na ekari moja kwa uchache, nusu ekari kama kuna maji ya umma. Hiyo inabadilisha kabisa idadi ya viwanja mlivyopanga, pigeni hesabu mapema, maana mchango wa kila mtu ulipangwa kwa idadi ya viwanja.

Kitu kingine kinachochanganya, kutoka kwenye cheti sio kutoka kwenye mipaka ya kodi. Mamlaka za aina ya ushirika hazitozi kodi ya ardhi, zile zinazoitwa SUD, yani wilaya maalum za huduma, nazo hazina uwezo huo, ila wilaya za huduma za aina ya MUD zinatoza, na kama shamba lako liko ndani ya mpaka wa MUD, amri ya PUC haikuondolei ile kodi. Kuondolewa kwenye mpaka wa kodi kuna utaratibu wake mwingine kwenye sura ya 49 ya sheria ile ile, unapitia bodi ya wilaya yenyewe, na mambo ya hati fungani ambazo hazijaisha kulipwa yanaingia. Angalia risiti yako ya kodi ya ardhi, mstari kwa mstari, utaona kama uko huko.

Mwenye chini ya ekari 25 naye asikate tamaa ila ajue njia ni ndefu zaidi. Majirani hamuwezi kuunganisha vipande vya watu tofauti mkaomba kama kimoja. Mnachoweza ni kuzishawishi zile mamlaka mbili, yenye cheti na mnayoitaka, ziandikiane mkataba wa kubadilishana eneo na kuupeleka tume kuidhinishwa, kifungu cha 13.248 kinaruhusu, na mamlaka ndogo iliyoelemewa mara nyingine inafurahi kabisa kuachia kona isiyoweza kuihudumia, kaongeeni nao kwa heshima, nendeni kwenye kikao cha bodi, ni vikao vya wazi kwa zile za umma na wanabodi ni watu wa hapo hapo. Njia nyingine ni kuomba cheti kibadilishwe kwa sababu mwenye nacho hajawahi kuhudumia eneo lile au hawezi, ila hapo unabeba mzigo wa ushahidi na hakuna haki ya moja kwa moja. Na wenye ekari 50 kwenye kaunti ambazo hazimo kwenye orodha wana ile njia ya 2005, ambapo unaomba huduma kwanza kwa maandishi, unampa mwenye cheti siku 90 zisizopungua ajibu, na unaonyesha mtoa huduma mbadala anayeweza. Ni nzito zaidi, ila kwa kweli ile inakulazimisha ujibu swali la mzee wetu kabla hujatoka, na ningependa hata hii ya ekari 25 ingekuwa na kipengele kama hicho, hata barua moja tu ya nia kutoka kwa mtoa maji.

Sisi ombi letu lilikubaliwa, amri imeshasajiliwa kwa karani wa kaunti kwenye rekodi za ardhi, hakikisheni na yenu inasajiliwa maana atakayenunua kiwanja kesho ataitafuta huko. Fidia imeisha. Mji umeshasaini makubaliano ya kutuhudumia na bomba la inchi nane liko kwenye michoro ya injinia, tunasubiri kibali cha kuvuka barabara ya jimbo. Kwa kazi ya kututoa tu, nyota nne.